Goti la Mwalimu wa Gwaride

Mmeniomba niwaandikie la kuwatia moyo, nyinyi vijana mlioshika ofisi yetu ya Likoni. Nimekaa kibarazani kwangu hapa Kisauni tangu chai ya asubuhi, kalamu mkononi, na la kuwatia moyo silioni. Mtanisamehe, wanangu. Nikiwatungia litakuwa uongo, na uongo mtaupata wa kutosha huko kazini, hamna haja ya kuja kuuchukua kwangu.

Kwa mgeni asiyenijua, mimi ni Bi. Zuhura. Kazi niliyozeekea ni kuwatayarishia rufaa wanajeshi wastaafu walionyimwa haki zao za ulemavu. Wengi walikuwa na baridi yabisi, maradhi ya viungo: magoti, nyonga, kiuno, vidole. Aliyekatika mguu vitani hana wa kubishana naye, kila mtu anaona. Lakini goti lililolika ndani kwa ndani, na mwenyewe amevaa suruali ndefu na bado anajikokota, hilo wakubwa hulitupia jicho mara moja wakasema huyu ni mzee tu, nani asiyeumwa magoti uzeeni? Na ni kweli. Hata yangu yananiuma ninavyowaandikia hivi. Ugumu wote wa kazi yetu uko hapo, kuonyesha kwamba goti hili limeharibiwa na jeshi wala si na miaka.

Nitawasimulia habari za Koplo Rashidi wa Bofu, huko huko Likoni, na yale niliyojifunza nitayachomeka humo humo kadiri yanavyonijia. Msitarajie mpangilio. Mpangilio niliuacha ofisini, ndani ya lile kabati lisilofungika.

Koplo Rashidi alikuwa Mdigo, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kutisha watoto. Jeshini alikuwa mwalimu wa gwaride. Ndiye aliyewafundisha makuruta kusimama, kutembea, kugeuka na kupiga mguu. Ujana wake wote aliumalizia juu ya lami ya uwanja, anainua goti hadi kiunoni, anaubwaga mguu na buti lake chini, halafu anarudia, kwa sababu kuruta hajaelewa. Kuruta huyu akishaelewa anaondoka, anakuja mwingine asiyeelewa, na mguu ni ule ule.

Alipofika kwetu magoti yalikuwa yamefura na kupinda kwa nje. Hospitalini walimwambia gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa, na dawa yake ni kufanyiwa upasuaji abadilishwe goti. Mtu anayeuza mkaa mlangoni kwake atalipata wapi goti jipya? Lakini jeshi likikubali kwamba kazi ndiyo iliyomharibu, hospitali ya jeshi ingemfanyia. Ombi lake la kwanza lilikataliwa. Ilibaki rufaa, mara moja tu, na likishaamua baraza la rufaa hakuna pengine pa kwenda. Basi jambo lililokuwa mikononi mwetu ni hilo: atembee, au asitembee tena.

Siku ya kwanza nilimuuliza anaumwa vipi. Akanijibu, kidogo tu.

Hapo nikamkumbuka aliyenifundisha kazi, Sajini Katana, Mgiriama wa Ziwa la Ng'ombe, Mungu amrehemu. Katana ndiye aliyeifungua ile ofisi, na alikuwa na msemo wake: "Dada, askari akikwambia anaumwa kidogo, mwitie tuktuk." Yeye mwenyewe vidole vilikuwa vimejikunja hata hawezi kushika kalamu. Alikuwa akisema, mimi naandika. Alipokata rufaa yake mwenyewe walimkatalia, wakasema mtu anayeendesha ofisi ya kusaidia wenzake hawezi kuwa mlemavu. Alicheka mpaka akakohoa, akanituma nimletee kahawa, na nikimnywesha kahawa ile kwa mkono wangu nikaona machozi.

Katana alinifundisha kwamba askari haulizwi maumivu. Ukimuuliza maumivu amefunzwa kuyakataa. Muulize asubuhi nani anamfunga vifungo vya shati. Muulize ameacha kwenda wapi siku hizi. Tazama kandambili zake, upande gani umelika. Halafu, na hili ndilo kubwa, mwache na chai yake uende uani ukazungumze na mkewe.

Mke wa Koplo Rashidi alikuwa Mwanasha, mwanamke mfupi, mpole, mikono yake haitulii. Mume alikuwa ameniambia msalani hana shida. Mwanasha akanishika mkono akanipeleka nikaone. Darini pamening'inizwa kamba ya katani, imefungwa fundo baada ya fundo. Koplo akishachutama huishika kamba akajivuta nayo. Siku akishindwa hugonga ukuta, naye Mwanasha huenda akamwinua kwa kumkumbatia kifuani, na wakitoka hapo hawasemezani mpaka adhuhuri, kwa haya. Nikamuuliza kama naweza kuieleza kamba ile mbele ya baraza. Akasema, "Ieleze, Bi. Zuhura, ila asijue nimekuonyesha mimi."

Nyinyi mna simu za kupiga picha. Pigeni picha za kamba, wanangu, lakini muombe ruhusa kwanza.

Kuna jingine nililolipata kwa uchungu. Sisi watu wa Pwani tuna adabu mbaya kwa mambo ya rufaa. Mzee mmoja wa hapa Kisauni, nyonga zake zote mbili zimekwisha, aliingia barazani, daktari akamuuliza, hujambo mzee? Mzee akajibu kama alivyolelewa: sijambo, alhamdulillahi, tunamshukuru Mola. Wakaandika kwamba mwombaji mwenyewe amekiri hali yake ni nzuri. Yarabi, nilikuwa nimeketi pale pale nikalisikia lile jibu linatoka, sikuweza kulirudisha. Hapa kwetu hata aliye mahututi ukimuuliza hali atashukuru kwanza. Kuanzia siku ile kila mzee nilimfundisha ashukuru, halafu aongeze, lakini. Wengi walishukuru wakaisahau lakini.

Tena kuna saa. Baridi yabisi mbaya yake ni alfajiri, viungo vimekaza kama mlango uliofura kwa mvua. Kufika saa nne vimelainika kidogo. Na baraza linaanza saa ngapi? Saa nne, wakishakunywa chai. Chumba chenyewe kilikuwa ghorofani na lifti imekufa siku nyingi. Ukipanda ngazi, basi unaweza kupanda ngazi. Usipopanda, hukufika, na rufaa imetupwa. Nilipiga kelele kwa ajili ya ngazi zile mpaka mlinzi wa mlangoni akanibandika jina, Mama Ngazi. Siku hizi naambiwa mnasikilizwa kwenye tarakilishi, mzee akiwa nyumbani kwake. Vizuri, ngazi zimekwisha. Lakini kwenye kioo huonekana uso tu, na uso wa askari hausemi kitu. Shusheni kamera chini waone magoti.

Nirudi kwa Koplo. Faili lake la jeshi lilikuwa safi, hakuna hata siku moja aliyoripoti goti. Nilimuuliza kwa nini. Alinitazama kama niliyemtukana. Mwalimu wa gwaride ataripotije ugonjwa, na yeye ndiye anayesimama mbele ya makuruta akiwaita walioripoti ugonjwa wategeaji? Usiku alikuwa akichuliwa na mwenzake kwa mafuta ya nazi na karafuu, asubuhi anarudi uwanjani. Mwenzake yule ameshakufa. Kwa hiyo ushahidi wote wa goti lile ulikuwa kinywani mwa Koplo mwenyewe, na Koplo hakuwa mtu wa kulalamika.

Juma zima nilikwenda Bofu kumfundisha. Keti. Jibu ukiwa umeketi. Mwenyekiti wa baraza ni kanali mstaafu, akiingia usisimame, miguu yako ndiyo sababu ya kuja, hatakuona huna adabu. Eleza siku yako mbaya, hiyo nzuri waachie wenyewe. Ukikosa neno nyamaza, mwisho nitapewa nafasi niseme mimi. Alikuwa akiitikia kila neno kwa kichwa, na kila nikiondoka namwambia Mwanasha, safari hii tunalo tumaini. Wallahi niliamini.

Siku yenyewe nilimkodia tuktuk mpaka ng'ambo, kisiwani kwenye baraza, maana pale kwenye feri wagonjwa hupakiwa kwenye mikokoteni, na Koplo alikuwa ameshaapa kwamba mkokoteni ni wa viazi. Alitoka ndani na shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vyeusi vinavyong'aa. Nilipoviona viatu moyo ukanipasuka. Nilikuwa nimemwomba avae kandambili, waione miguu ilivyovimba. Akaniuliza kwa upole kama ninataka aende mbele ya kanali na kandambili. Mwanasha alikuwa amemvalisha vile viatu kwa mafuta na kijiko. Nikamshika mkono tukaenda kwenye tuktuk.

Ngazi tulizipanda kwa muda mrefu, mlinzi upande mmoja, mimi upande wa pili.

Kanali alipoingia nilimshika Koplo kifundo cha mkono. Nikasikia kila mshipa unataka kusimama. Akaketi. Aliinamisha uso, akaketi, na nilimwona anateswa na kule kukaa kuliko alivyoteswa na ngazi. Nikapumua. Nikajisemea, tumepita pagumu.

Na mambo yalikwenda vizuri, msifikiri hayakwenda. Kanali alikuwa mtu wa heshima. Pembeni yake aliketi daktari, binti mdogo wa bara, raia, naye alizitazama picha za eksirei kwa makini akazisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Waliuliza kwa nini faili halina ripoti, Koplo akaeleza mambo ya wategeaji, na kanali akacheka kicheko cha mtu anayejua. Nilieleza kamba ya msalani nikasema niliiona mwenyewe. Koplo hakunitazama, lakini hakukana. Mimi nimekaa mabarazani miaka mingi, najua chumba kikigeuka kuja upande wetu, na kile kilikuwa kimeanza kugeuka.

Ndipo yule binti, kwa nia njema kabisa, akauliza swali lake. Akasema yeye si mwanajeshi na anataka kuelewa goti linabeba uzito gani, ili aandike vizuri. Magoti huwauma wavuvi, huwauma wakulima. Huko kupiga mguu kuna nini hasa?

Koplo akajaribu kwa maneno. Unainua goti, akasema, halafu unashusha.

"Kama kupanda ngazi?" akauliza daktari.

Nilimwangalia Koplo nikaona shingo imenyooka. Nadhani katika maisha yake yote alikuwa amevumilia mengi, lakini si hilo, kwamba kazi aliyoivunjia miguu iwe ni kupanda ngazi. Nikainua mkono niombe kusema. Kanali akanikumbusha kwamba mwakilishi huzungumza mwisho.

"Sio ngazi, daktari," akasema Koplo.

Akasukuma kiti. Sijui aliinuka na nguvu gani, hakushika meza, hakunishika mimi. Alisimama wima, kidevu juu, mikono imeshika mapaja. Akainua goti mpaka kiunoni, nami nikafumba macho, nikasikia ule mguu unavyotua. Vikombe vya chai juu ya meza ya baraza vililia. Nilipofumbua macho kanali mwenyewe alikuwa amekaa wima kitini kwake bila kujijua, na binti amefunika mdomo kwa mkono.

"Vyema sana, Koplo," akasema kanali, na sauti yake ilikuwa imejaa fahari. "Pumzika."

Koplo hakupumzika. Hakuweza. Lile goti lilikuwa limekwama, nalijua kwa namna jasho lilivyoanza kuchora mgongo wa shati. Nikasema, mheshimiwa, mzee hawezi kuketi, ameumia, tafadhalini. Kanali akatabasamu akaniambia mwache asimame, mama, askari ni askari. Nikasema tena, na safari hii nilipandisha sauti, nakiri. Basi kanali akamgeukia Koplo akamuuliza kama yuko sawa.

"Niko sawa, afande."

Nini kilichonibakia? Nafasi yangu ya kusema ilipofika nilisema yote, nikasema juu ya gegedu, nikasema kwamba dakika moja ya ushujaa haifuti miaka, nikasema mtazameni jasho. Waliyaandika. Lakini macho yao yalikuwa kwake, aliyesimama pale kama siku aliyoapishwa, na najua walichokuwa wakikiona. Wakatushukuru wakatoka kwa mlango wao. Mlango ulipofungika tu akasema, bila kugeuza kichwa, "Bi. Zuhura, nishike." Mlinzi alikuja mbio. Tulimshusha ngazi zote tumembeba, na kwenye tuktuk mguu wake ulibaki umenyooka nje, haukunjiki, mpaka watu wa feri wakatupigia kelele tuuingize ndani.

Hakusimama tena baada ya siku ile. Kilichokuwa kimebaki cha goti alikitumia pale.

Mtaniuliza, na mna haki, ningefanyaje. Nimejiuliza swali hilo tangu wakati ule. Ningemfunga kwenye kiti? Ningemwambia daktari asiulize, na swali lilikuwa la haki? Watu tunaowatetea wamefunzwa kuficha kile kile tunachowaomba waonyeshe, wamefunzwa wakiwa vijana, na waliowafunza walikuwa kina Rashidi. Ukiwaona wanavyojikaza mbele ya wakubwa hutaki kuwavunja, na usipowavunja wanashindwa. Tumeshinda chache, ndiyo. Nikizihesabu hizo chache hazinilazi usingizi mzuri. Mkiendelea na kazi, endeleeni mkijua hivyo. Mkiacha, sitawalaumu, wallahi sitawalaumu hata mmoja.

Uamuzi ulichukua muda mrefu kutoka. Ulisomwa mbele yangu, na sababu zake. Rufaa imetupwa, maradhi ni ya umri.

Nilikwenda Bofu peke yangu. Koplo alikuwa amelala chumba cha mbele, kitanda kimesogezwa dirishani, mafuta ya kuchua yananuka nyumba nzima. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ile ile ya uwanjani. Mwanasha alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji, ananitazama usoni, na nadhani alishajua.

Nilimwambia imekataliwa. Hakuuliza habari za upasuaji, wala kama kuna pengine pa kwenda. Aliuliza wamesema nini juu ya mguu.

Sikutaka kumwambia. Lakini ndiyo iliyokuwa sababu yenyewe, ilikuwa haki yake. Nikamweleza kama ilivyosomwa, kwamba mwombaji aliinuka bila kushikwa, akainua goti hadi usawa wa kiuno, akapiga mguu kwa nguvu, na akasimama hadi mwisho wa kikao.

"Hadi kiunoni?"

"Hadi kiunoni, Koplo."

Uso wake ukakunjuka. Miezi yote ile sikuwa nimeuona umekunjuka hivyo.

"Mwanasha," akaita, "umesikia?"

Mwanasha alisema amesikia. Akaiweka ndoo chini, akaja akapitisha mikono chini ya mabega yake, maana saa ya kumgeuza ilikuwa imefika, na ubavu aliolalia umekufa ganzi. Mimi nikashika miguu.